Hodi kwa Kofia-njano

Kazi ya kurudisha ndege msituni, ukiisikia kwa mbali, utadhani ni kufungua mlango wa tundu na kupunga mkono. Mratibu mwenyewe alidhani hivyo siku alipokabidhiwa funguo za kituo. Haukupita muda akajua kwamba kuratibu maana yake ni kusikiliza visingizio. Fundi wa nyavu alileta nyavu za kuku. Muuza matunda alileta mapapai yaliyolegea, akaulizwa, akajibu kwamba ndege hawana meno, watajuaje. Daktari wa wanyama alikuwa kila siku yuko njiani, na njia yenyewe haikuwa na mwisho.

Lakini Mratibu aliipenda kazi ile kama alivyompenda binti yake, Kidoti, yaani kwa macho mekundu ya kukosa usingizi na bila kujuta.

Ndege mwenyewe ni kofia-njano. Ukubwa wake kama njiwa, mwili wa rangi ya majani makavu, na kichwani ana manyoya ya manjano yaliyokaa upande, kama kofia ya mtu aliyechelewa harusini. Jike hutaga ndani ya shimo la mti mkubwa, na akishaingia hatoki mpaka makinda wapate nguvu. Dume ndiye wa kuhangaika huku na huko kutafuta tonge. Na tena ni hodari wa kuiga. Sauti akiisikia mara kwa mara huichukua, ikawa yake.

Msitu ulio nyuma ya kituo ulikuwa umekaa miaka mingi bila hata mmoja, tangu miti mikubwa ilipokatwa. Sasa miti ilikuwa imekua tena, matunda yanaanguka na kuoza kwa kukosa mlaji, na bandani kulikuwa na kundi zima la kofia-njano walioanguliwa kwenye mashine na kulelewa kwa chakula cha kitone kitone. Kilichobaki ni ruhusa ya Mkaguzi. Na Mkaguzi alikuwa na sharti moja lisilopindika: ndege anayemkimbilia mtu haendi msituni. Ndege wa namna hiyo hamalizi wiki, ataishia chunguni au sokoni.

Wakishindwa, wangepelekwa bustani ya maonyesho ya mjini, wakae huko maisha. Tundu lao lilikuwa tayari. Mratibu alikwenda kuliona. Lilikuwa limepakwa rangi ya waridi na kuwekwa ubavuni mwa muuza barafu, na kioo chake kilikuwa kimeshajaa alama za vidole kabla hata ndege hawajaingia. Siku ile alirudi nyumbani hakula.

Ndiyo maana mlango wa banda ulibandikwa maandishi makubwa: USIONGEE NA NDEGE. Mlishaji wa kwanza alifukuzwa kwa kuwaimbia. Wa pili alionekana kwenye kamera akiwa ameketi juu ya ndoo, mikono inakwenda juu na chini, akiwaeleza ndege habari za mchumba wake. Baada ya hapo Mratibu akapiga moyo konde, akamwomba mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi, amehamia kwao ili kumsaidia kulea. Hakuwa mkali. Alikuwa na adabu, jambo ambalo kwa mkwe ni zito kuliko ukali. Ukali ungejibiwa, adabu utaijibu nini? Kila mara Mratibu alipoingia jikoni mbiombio, mkoba begani na simu sikioni, mama mkwe alikuwa akigeuka taratibu kutoka kwenye sinki na kusema kwa upole, "Loo, kumbe kuna mtu," na Mratibu akajiona kama kibaka ndani ya jiko lake mwenyewe.

"Mama, kazi yenyewe si ngumu," alimwambia siku hiyo. "Unavaa shuka la kijivu, wasione umbo la mtu. Unaweka chakula, unatoka. Ila usiongee nao."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Nikimkuta mmoja anaumwa?"

"Unatoka kimyakimya, unaniambia mimi."

"Mama Kidoti," alisema mama mkwe, akifuta mikono, "mimi nimefanya kazi wodini, vichanga wakilala tunatembea kwa ncha za vidole. Kunyamaza utanifundisha wewe?"

"Na mimi nikinyamaza nitapewa ndege?" aliuliza Kidoti kutoka chini ya meza.

"Wewe ukinyamaza tutaita daktari," alisema bibi yake.

Basi mama mkwe akaanza kazi, na kazi ikapata mwenyewe. Shuka la kijivu alilipiga pasi. Glavu yenye umbo la kichwa cha ndege, ile ya kuwalishia wale wadogo, aliichana manyoya kila asubuhi hadi kofia yake ikakaa vizuri kuliko ya ndege wenyewe. Mratibu alikuwa akimtazama kwenye kamera kutoka ofisini, na moyo wake ukitulia tuli. Kamera ilikuwa haina sauti. Kipaza sauti kilikuwa kimeagizwa, na mtu wa manunuzi alikuwa akikifuatilia kwa mwendo wa kinyonga. Lakini sauti ya nini? Picha ilijitosheleza. Tena kulikuwa na ajabu moja. Kabla mlango haujafunguliwa, ndege wote walikuwa wamekwisha kushuka na kujipanga pale, mbele kabisa akiwa dume mmoja wa kutembea kifua mbele, ambaye wafanyakazi walimwita Mwenyekiti, maana alikuwa wa kwanza kufika mezani na wa mwisho kuondoka.

"Wana hisia kali sana ya wakati," Mratibu alimwambia Mkaguzi kwa simu, akijidai kidogo. "Wanajua saa ya kula kabla hata mlango haujafunguliwa."

"Ajabu," alisema Mkaguzi.

Na kweli ilikuwa ajabu, ila si ile.

Siku ya ukaguzi ilipofika, Mratibu alivaa viatu vya mahojiano. Mkaguzi alikuwa mwanamume mrefu, msafi, vifungo vya shati vimefungwa hadi kooni, mwenye sauti ya chini na mazoea ya kufuta viatu hata mahali pasipo na zulia. Alisimama nje ya nyavu, akakunjua gazeti, akasoma kwa sauti ukurasa mzima wa michezo. Ndege wakaruka hadi kwenye matawi ya juu, wakamgeuzia mikia. Akapiga mluzi. Hakuna aliyemjali. Akapitisha mkono kwenye tundu la wavu, kiganjani ameweka tini lililoiva hadi linapasuka, akasubiri. Mwenyekiti alilitazama lile tini, akamtazama mtu, akafumba jicho moja, basi.

"Hongereni," alisema Mkaguzi. "Mmefanya kazi nzuri sana."

Mratibu alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kukohoa. Nyuma yake mama mkwe alisimama na shuka lake lote mwilini. Alikuwa amekataa kulivua, eti litajikunja.

"Imebaki nisome pete za miguuni, niweke sahihi," alisema Mkaguzi. Akasogea mlangoni, akafuta viatu kwenye majani, akashika kitasa. Sasa, Mkaguzi alikuwa mtu aliyelelewa. Asingeweza kufungua mlango wa mwenziwe hivihivi, hata mlango wa waya. Akainamisha kichwa kidogo, akasema:

"Hodi humu ndani!"

Kilichofuata hakikuwa na mpangilio. Matawi yote yalitikisika kwa pamoja. Kundi zima lilishuka kama nguo zilizokatika kamba, likampokea Mkaguzi pale alipotia guu: mabegani, mikononi, kwenye kola. Mmoja alizama kwenye mfuko wa shati akatoka na kalamu. Na juu ya kichwa chake, kifua mbele, kofia upande, alitua Mwenyekiti. Akajikung'uta. Akasema:

"Karibuuu."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe. Haikukosewa hata chembe: upole uleule, na ule mvuto wa mwisho anaowavutia wageni waliochelewa.

"Asante," alisema Mkaguzi, kabla hajajua anamjibu nani.

Walikaa ofisini, huku Mkaguzi akijifuta bega kwa karatasi. Mratibu alimgeukia mama mkwe.

"Mama, uliongea nao?"

"Sijaongea nao hata siku moja."

"Sasa hodi wameitoa wapi?"

Mama mkwe alishangaa kwa dhati kabisa. "Hodi ndiyo maongezi?"

"Mama!"

"Uliniambia nisiongee nao, nami sikuongea. Hukuniambia niwaingilie watu nyumbani kwao kama mwizi. Mimi hata vichanga wa saa moja nilikuwa nawapigia hodi. Leo niwavamie hawa, wenye akili zao?"

"Hapo mama ana hoja," alisema Mkaguzi, akiokota unyoya sikioni.

Mratibu alijishika kichwa. "Haya, hodi nimeelewa. Na karibu je?"

Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, mama mkwe aliangalia chini.

"Nilipiga hodi siku ya kwanza, kimya. Nikapiga tena, kimya. Chakula kiko mkononi, kinapoa. Mtu utaingiaje bila kukaribishwa? Ikabidi nijikaribishe."

Hakuna aliyecheka, ingawa Mkaguzi alikohoa kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akavaa uso wa kazi.

"Mratibu, nisikilize. Na wawindaji nao wana mama zao. Atasimama mmoja chini ya mti, aseme hodi tu, kundi zima limwingie kwenye gunia, tena likimkaribisha. Siwezi kuweka sahihi. Nitarudi kabla mvua hazijaanza. Wakimkimbilia mtu siku hiyo, gari la bustani litawachukua papo hapo."

Alipotoka, alisimama mlangoni kama mtu aliyesahau kitu, akasema, "Kwaherini," kisha akatazama kwa hofu dirisha la upande wa banda, kana kwamba huenda akajibiwa.

Mratibu hakulala, lakini alfajiri alikuwa na mpango. Neno lililowaita ndege ndilo litakalowafukuza. Chakula kitaingia kimyakimya, bila hodi wala karibu. Na kila ikipigwa hodi, kifuate kishindo cha vifuniko vya sufuria, hadi ndege waione hodi kama mwewe.

Alianza yeye mwenyewe. Akasimama mlangoni, vifuniko mkononi, akasema, "Hodi!"

Ndege walimtazama kutoka matawini. Hakuna aliyejisumbua.

"Hodi! Hodi jamani!"

Mwenyekiti alijikuna.

"Hawakuelewi," alisema mama mkwe nyuma yake. "Hiyo hodi yako ni ya mtu aliyekuja kusoma mita. Hata ndege wanajua hujaizoea."

Mratibu alimeza kijembe hicho pamoja na mate yake. Kwa kuwa kilikuwa cha kweli, kilipita kwa shida.

"Basi itabidi uwe wewe, Mama."

"Mimi?" Mama mkwe alirudi nyuma hatua. "Niwaite kwa adabu, waje kwa adabu, halafu niwapigie makelele usoni? Niliowalea kwa kitone? Mama Kidoti, bora uniombe figo."

Na hapo ndipo mambo yalipokwama. Ilipita siku, ikapita nyingine. Mratibu alibembeleza wakati wa chai, akabembeleza wakati wa kufua. Mama mkwe alimsikiliza kwa upole wote, akamwongezea chai, akakataa. Mawingu yakaanza kukusanyika mbali, juu ya msitu. Mwishowe Mratibu alimfuata jikoni, akaketi kwenye kigoda, akamweleza lile tundu la mjini, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu. Rangi ya waridi. Kioo. Muuza barafu na king'ora chake.

"Barafu iko karibu na ndege?" aliuliza Kidoti.

"Ndiyo, mama."

"Basi wapeleke."

"Kidoti, kachezee nje," alisema Mratibu. Kisha akamgeukia mama mkwe, na sauti yake ikapungua. "Watu watapita mbele yao kutwa nzima, Mama. Watagonga kile kioo kwa vidole, watachungulia, watawapiga picha. Hakuna hata mmoja atakayewapigia hodi. Maisha yao yote."

Mama mkwe alizima jiko. Akafungua kabati la juu, akavipita vifuniko vya kila siku, akashusha vile vyake vizuri, vizito, ambavyo hutolewa kwa ajili ya wageni tu. Akavigonganisha kidogo karibu na sikio, kama anayechagua tikiti sokoni.

"Vile vya zamani sauti imekufa," alisema. "Twende kabla sijabadili mawazo."

Kwenye kamera Mratibu aliona yote. Shuka la kijivu lilisimama mlangoni. Ndege wakashuka mbiombio, wakajipanga, na mdomo wa Mwenyekiti ukafunguka. Bila shaka alikuwa akikaribisha. Lile shuka likabaki limesimama. Vifuniko vilibaki vimeachana. Mratibu alijikuta amesimama kwenye kiti ofisini, akinong'ona, "Piga, Mama, piga." Ndipo vikagongana. Ofisi ya pili ilisikia. Fundi wa nyavu, aliyekuwa juu ya paa, alisikia na kushuka bila ngazi. Ndege walilipuka kwenda juu, na Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kufanyiwa utovu wa nidhamu maishani mwake, alianguka kwanza kwenye bakuli la mapapai kabla ya kuwafuata wenzake.

Shuka la kijivu liliinama kidogo, kitambaa cha usoni kikachezacheza. Mratibu aliona lakini hakuwaza chochote. Kamera ilikuwa bado haina sauti.

Jioni ile alimkuta mama mkwe ameketi jikoni, vifuniko mapajani, macho ukutani. Mratibu alikuwa anaingia mbiombio kama kawaida yake, mkoba begani; akasita kizingitini. Akafungua mdomo kusema hodi. Akakumbuka. Akaufunga. Mwishowe akakohoa.

Mama mkwe aligeuka. "Pita, mwanangu," alisema. "Afadhali umekohoa."

Wakaendelea hivyo, kila asubuhi na kila alasiri, na nyumba nzima ikaingia kwenye mafunzo. Jirani akija kuazima chumvi, akipiga hodi tu, Kidoti aligonga sahani kwa kijiko na kupiga mbizi chini ya meza. Baba yake, fundi wa lifti, ambaye kila jioni alirudi amechelewa na maneno yaleyale ya "nisamehe, kuna watu walikwama kati ya ghorofa," alipiga hodi ya utani mlangoni kwake, na mama yake mzazi akaangusha birika. Tangu hapo naye akawa anakohoa. Nyumba ikawa na vikohozi kama wodi ya kifua.

Lakini bandani kazi ilikuwa inashika. Kwanza ndege walishuka wakisitasita. Kisha wakashuka nusu. Kisha hawakushuka kabisa. Na siku moja mama mkwe alisema hodi mikono mitupu, bila kifuniko wala kijiko, na banda zima likapaa.

Alirudi ofisini, akalivua shuka, akalikunja. "Wameelewa," alisema. Hakuonekana kufurahi.

Mkaguzi alirudi akiwa amevaa kofia pana, kwa tahadhari. Nyuma yake liliingia gari la bustani, limechorwa kasuku anayecheka, na dereva wake akaegemea mlango akichokoa meno. Mratibu alilitazama gari lile, akalipa mgongo.

Gazeti likasomwa. Mluzi ukapigwa. Tini likanyooshwa. Yote yakapita salama. Mkaguzi akasogea mlangoni, akafuta viatu, akaishikilia kofia yake kwa mikono miwili.

"Hodi," alisema, sauti inatetemeka, "humu ndani."

Ndege waliruka juu kama waliotupwa kwa manati. Vumbi likapanda, manyoya mawili matatu yakashuka polepole, na banda likawa kimya kabisa. Mkaguzi aliachia kofia mkono mmoja, akaanza kutoa kalamu.

Ndipo kutoka kwenye boriti ya juu kabisa, kwenye giza la paa, ikatoka sauti ya upole, ya kike, yenye majonzi.

"Mnisamehe."

Kalamu ikasimama hewani. Mkaguzi akamtazama Mratibu. Mratibu akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama pindo la shuka lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Mama," alisema Mratibu polepole, "kila ukipiga vifuniko, ulikuwa unasema nini baadaye?"

"Sikuongea nao," alijibu mama mkwe haraka. Kisha, chinichini: "Niliomba radhi tu. Kwani kuomba radhi nako ni maongezi?"

"Amesema nini yule?" aliuliza Mkaguzi.

"Amekimbia," alisema Mratibu.

"Nimeuliza amesema nini."

"Mzee, kwanza amekimbia. Amekimbia kabisa, yuko juu kule, huwezi hata kumwona. Hilo la kusema limekuja baadaye."

Mkaguzi aliinua macho kwenye boriti. Kimya. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti kubwa: "Hodi!" Vishindo vya mabawa vikakimbilia kona ya mbali zaidi, na kutoka kona hiyo: "Mnisamehe."

Dereva wa bustani aliacha kuchokoa meno.

"Sharti," alisema Mkaguzi baada ya kufikiri sana, "linasema ndege amkimbie mtu. Halisemi amkimbie bila adabu." Akaweka sahihi, akaikazia kwa nukta.

Mratibu alimkumbatia mama mkwe, shuka na vyote, na pasi yote ya asubuhi ikaenda na maji.

"Sasa mimi narudi na nini?" aliuliza dereva.

Mama mkwe akampa papai.

Waliwapeleka msituni asubuhi ya ukungu, ndani ya masanduku ya mbao yenye matundu, wakayapanga kwenye uwazi mdogo chini ya mitini, ile miti ya tini. Daktari wa wanyama, kwa maajabu, alikuwa amefika. Mratibu alifungua vilango kimoja baada ya kingine, kisha wote wakarudi nyuma ya vichaka kungoja.

Hakuna aliyetoka.

Walingoja. Ukungu ukaondoka. Jua likapenya majani, likayafikia masanduku. Ndani ndege walikuwa wamejibanza pembeni kabisa, wamegandana. Mratibu alitikisa tawi lenye matunda. Alipiga makofi. Aligonga sanduku ubavuni. Wakazidi kujibanza.

"Joto likiingia humo watazidiwa," alisema daktari. "Kama hawatoki, ni kuwarudisha kituoni. Na sijui kama wataweza safari ya pili."

Njia yote ile, vifuniko vyote vile, na msitu uko pale, mlango wazi, tini zinaning'inia. Hapo akajua. Akageuka taratibu.

"Mama."

"Usiniambie," alisema mama mkwe.

"Wakibaki humo..."

"Najua wakibaki humo. Nina macho."

Alilivua shuka la kijivu, akalikunja vizuri, akamkabidhi mkwewe. Ndege hawakuwa wamewahi kumwona bila shuka hilo. Akatembea hadi mbele ya masanduku, akanyoosha gauni, akaweka nywele sawa. Hakuwa na vifuniko. Akasema kwa sauti ileile aliyowapigia siku ya kwanza, sauti ya mtu aliyesimama mlangoni kwa watu anaowaheshimu:

"Hodi."

Masanduku yalipasuka kwa mabawa. Walitoka wote kwa mkupuo mmoja, wakampita kichwani, wakapanda juu ya mitini na juu ya miti iliyo juu ya mitini. Kwa kitambo kidogo kofia zao zilionekana kati ya majani, manjano hapa, manjano pale, kisha hakukuwa na kitu ila majani yanayocheza. Mama mkwe alibaki na mikono yake mbele, imeachana kidogo, kama bado ameshika vile vifuniko.

Mratibu alikwenda kusimama naye, bega kwa bega.

"Hawakugeuka hata kututazama," alisema mama mkwe.

"Ndicho tulichowafundisha, Mama."

"Najua. Nasema tu."

Mvua zilikuja, zikapita. Mratibu alikuwa akienda msituni kila wiki na darubini shingoni kuwatafuta, na mama mkwe alikuwa akimfuata, eti kumbebea chai. Waliwaona mara mojamoja, kwa mbali, wakila, wakigombana, wakikimbia vivuli vyao wenyewe. Hakuna aliyesema neno. Mratibu alianza kuamini kwamba maneno yale wameyaacha bandani, na akashangaa kugundua kwamba ana hamu nayo kidogo.

Asubuhi moja walifika chini ya mti mkubwa wenye shimo juu kwenye shina. Kabla ya kuingia kwenye kivuli chake, Mratibu alisimama, akakohoa. Mama mkwe akamtazama, akatabasamu, akapita. Wakajificha nyuma ya kichaka, wakamimina chai.

Pete ilimetameta kwanza. Kisha kofia, iliyokaa upande kuliko zote. Mwenyekiti alitua kwenye tawi karibu na shimo, amebana tini mdomoni, manyoya yamemvurugika kama mtu aliyeanza safari jana. Akalisogelea shimo. Akasita. Akaliweka tini kwenye gome, akalikanyagia mguu lisianguke, akainamisha kichwa.

"Mnisamehe," alisema.

Shimoni kimya.

"Mnisamehe."

Kimya kile kilirefuka hadi chai ikapoa. Mratibu alibana darubini, machozi na kicheko vinagombania mlango mmoja. Na hatimaye, kutoka ndani kabisa ya mti, sauti nzito ya mtu aliyejifungia ikajibu:

"Karibuuu."

Mwenyekiti akaokota tini lake, akapenyeza kichwa shimoni.

Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alipoiondoa, alinong'ona sikioni mwa mkwewe, maana sheria ni sheria.

"Amechelewa yule," alisema. "Na amesamehewa upesi mno."